Taa za Gari: Mwanga ni Wako, Macho ni ya Mwenzio

Mji wa Meru umekaa karibu sana na mstari wa Ikweta, nao mstari huo hukata barabara kuu kusini kidogo ya mji. Kwa sababu hiyo giza la huko huingia bila kubisha hodi. Jua huchwa karibu saa 12.30 za jioni, na baada ya dakika 20 hivi usiku umekwisha tanda. Nalo jua halichomozi tena mpaka karibu saa 12.30 za asubuhi. Mwaka mzima ni hivyo hivyo, nusu ya siku ni giza.

Na katika giza hilo si watu wote walalao. Soko la Gakoromone lataka ndizi, viazi, kabichi na mboga kabla hakujapambazuka, na kila mwenye bidhaa ataka kuwahi wanunuzi. Pikapu na malori hushuka kutoka pande za Timau na Kibirichia. Mengine hupanda kutoka Nkubu na Chogoria, na magari ya miraa kutoka Igembe hukimbizana na wakati ili majani yasinyauke. Kando ya magari hayo wapo waendesha boda boda, wapo wasukuma mikokoteni, na wapo akina mama waendao kwa miguu na mizigo mgongoni. Hao wote barabara yao ni moja, na usiku mlinzi wao mkubwa ni taa.

Haishangazi, basi, kuona wenye magari wengi wakizishughulikia taa zao wenyewe nyumbani, au kuzipeleka kwa fundi wa jua kali. Mmoja hutia globu yenye nguvu mara mbili ya ile ya kwanza. Mwingine hununua zile za LED zenye mwanga mweupe ulioingia ubuluu. Wa tatu hufunga juu ya bampa safu ya taa kama za kiwanja cha mpira, na wa nne huzipaka taa za nyuma rangi nyeusi ili gari lipendeze. Haja ya watatu wa kwanza ni ya haki. Gari limekuwa kuukuu, ukungu wa mlimani ni mzito, mashimo ni mengi, na ng'ombe havai taa. Mtu akitaka kuona njia yake, hapana wa kumlaumu.

Lakini liko jambo moja ambalo hapana budi lifikiriwe kabla ya kushika bisibisi. Taa ya gari ina watumiaji wawili. Wa kwanza ni yeye aliyeketi nyuma ya usukani, ambaye aitumia ili aone. Wa pili ni yule ajaye mbele yake, ambaye hakuinunua wala hakuulizwa, lakini mwanga wake humwingia machoni. Taa iliyo njema ni ile inayowafaa wote wawili. Ikimfaa mmoja na kumpofusha wa pili, hiyo si taa njema hata ikiwa kali namna gani. Kwani dereva aliyepofushwa aja upande huu huu, na gari lake lina uzito wa tani moja au zaidi.

Yafaa tupime jambo hili kwa hesabu. Gari liendalo mwendo wa kilometa 80 kwa saa hupita meta 22 katika kila sekunde. Dereva akipigwa na mwanga mkali, macho yake hayarudi mara moja. Tuseme yamekaa sekunde 3 tu bila kuona vyema. Katika sekunde hizo amekwenda meta 66 kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni. Katika meta 66 za barabara ya kwenda Gakoromone alfajiri, kuna nafasi ya kutosha kumkuta mama mwenye mkungu wa ndizi.

Shida hii haikuanza leo. Magari ya kwanza yalitumia taa za mafuta na za karabai, ambazo hazikumwumiza mtu macho kwa kuwa mwanga wake ulikuwa mdogo. Taa za umeme zilipoenea, hasa baada ya kampuni ya Cadillac ya Marekani kuuza magari yenye umeme wake kamili mwaka 1912, mara yakaanza malalamiko ya kupofushana. Tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakitafuta namna ya kuongeza mwanga njiani bila kuuongeza machoni. Ndiyo maana kukawa na fulu na dimu. Marekani ililazimisha taa za namna moja kwa magari yote tangu mwaka 1940. Ufaransa ilidai taa za mbele ziwe za rangi ya manjano kwa zaidi ya nusu karne, mpaka sheria hiyo ikaachwa mwaka 1993. Globu za halojeni zilitokea katika magari ya Ulaya mwaka 1962, na ile yenye nyuzi mbili, moja ya fulu na moja ya dimu, iitwayo H4, ikaja miaka michache baadaye. Hiyo ndiyo ingalimo katika magari mengi ya Kenya hata leo.

Mtu akitaka kuitengeneza taa, sharti aijue kwanza. Ndani yake mna vitu vitatu. Kuna globu, ambayo ndiyo moto wenyewe. Kuna bakuli linalong'aa kama kioo cha kujitazamia, ambalo hukusanya mwanga na kuuelekeza. Na kuna kioo cha mbele, ambacho siku hizi mara nyingi ni cha plastiki. Vitatu hivi vilipimwa pamoja kiwandani. Uzi wa globu ni mdogo kuliko punje ya mchele, nao umewekwa mahali pamoja hasa, kwa kipimo cha chini ya milimeta. Ukisogea kidogo tu, bakuli hutupa mwanga kusikotakiwa.

Basi mwenye gari aonaye kwamba taa zake ni hafifu asikimbilie kununua. Mara nyingi mazungumzo kati yake na fundi huwa hivi. Mwenye gari husema, "Fundi, taa hizi hazioni mbali. Nitilie zile za buluu." Fundi mwenye haraka hujibu, "Sawa mzee, zitawaka kama mchana." Lakini fundi mwenye busara hujibu, "Mzee, ngoja kwanza nipime, huenda ugonjwa si globu." Huyu wa pili ndiye wa kurudiwa, ijapokuwa hakuuza kitu siku hiyo.

Ugonjwa wa kwanza ni kioo. Plastiki ya taa, ikikaa juani miaka mingi, hugeuka manjano na kuwa na ukungu wa kudumu. Mwanga mwingi huishia hapo hapo, na ule utokao hutawanyika ovyo. Dawa yake hufanyika nyumbani. Kioo huoshwa kwa sabuni. Kisha rangi ya gari iliyokizunguka hufunikwa kwa utepe wa kubandika. Halafu husuguliwa kwa msasa wa maji wa namba 1000, maji yakimiminwa wakati wote, na baadaye kwa ule wa namba 2000, mpaka weupe uwe sawa mahali pote. Mwisho husuguliwa kwa dawa ya kung'arisha na kitambaa laini. Wengine hutumia dawa ya meno. Hiyo husaidia kidogo kama ukungu ni mwepesi. Lakini yafaa ijulikane ya kwamba kioo kilichosuguliwa kimeondolewa ngozi yake ya kukilinda na jua. Kisipopakwa dawa nyingine ya kukilinda, manjano hurudi baada ya miezi.

Ugonjwa wa pili ni umeme. Globu yenye uzi ina tabia moja ambayo wengi hawaijui: mwanga wake hupungua upesi kuliko volti. Volti zikipungua sehemu 10 katika 100, mwanga hupungua karibu sehemu 30 katika 100. Gari la volti 12, injini ikinguruma, huwa na volti karibu 14 kwenye betri. Fundi apime hapo, kisha apime kwenye mguu wa globu taa ikiwa imewaka. Akiona upungufu wa volti moja na nusu, basi wezi wako njiani: waya uliolika, swichi iliyochakaa, au ule waya wa kuunganisha taa na mwili wa gari, ambao mafundi huuita ethi, umekula kutu. Kuufungua waya huo, kuukwangua mpaka chuma king'ae, kuupaka grisi kidogo na kuukaza tena ni kazi ya nusu saa, na mara nyingi huleta mwanga mwingi kuliko globu mpya ya bei kubwa.

Ni baada ya hayo tu ndipo globu itazamwe. Globu ya H4 ya kawaida ni ya wati 60 kwa fulu na wati 55 kwa dimu. Katika volti 12, wati 60 ni ampea 5, na taa mbili ni ampea 10. Nyaya za gari zilipimwa kwa mzigo huo. Ziko globu nyingine za wati 100 kwa fulu. Mbili kati ya hizo hula karibu ampea 17. Hapo fyuzi ya ampea 15 hukatika, na mwenyewe, badala ya kulisikia onyo, hutia fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya mtupu. Tangu saa hiyo fyuzi si mlinzi tena. Waya huwa moto, plastiki yake huyeyuka, na gari laweza kushika moto likiwa limejaa mizigo ya soko. Aidha, joto la globu hiyo huunguza bakuli, ule mng'ao ukawa kama masizi, na taa ikawa hafifu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Mtu anayebadilisha globu ya halojeni asiiguse kioo chake kwa vidole vitupu, kwa kuwa mafuta ya mkono hukifanya kipate joto mahali pamoja na kupasuka. Aishike kwa kitambaa safi, na akiwa ameigusa aipanguse kwa spiriti.

Sasa tuje kwenye LED, ambazo ndizo zilizo na sifa nyingi siku hizi. Magari mengi mapya hutoka kiwandani nazo, nazo ni njema sana: hula umeme kidogo na hudumu. Lakini taa hizo zilijengwa pamoja na bakuli lake. Jambo ni jingine mtu anapochukua LED na kuisukuma katika bakuli lililotengenezwa kwa ajili ya uzi. LED haiwaki mahali pa uzi hasa, wala haiwaki pande zote kama uzi. Bakuli halijui hayo. Hufanya kazi yake ile ile ya zamani, na mwanga hutupwa juu, pembeni na machoni. Dereva huona weupe mwingi karibu na bampa, akafurahi, kumbe mbali haoni zaidi ya jana. Hata zile taa za gesi ya xenon, ambazo huhitaji volti zaidi ya 20,000 ili ziwake, zina kosa hilo hilo zikitiwa katika bakuli lisilo lake, tena volti hizo si za kuchezewa uani.

Mwenye kutaka LED kwa kweli na anunue taa nzima, bakuli na kioo chake, iliyotengenezwa kwa gari lake. Na hapo aangalie jambo jingine. Kenya, Uganda na Tanzania magari hupita kushoto, na mwanga wa dimu hunyanyuka kidogo upande wa kushoto ili umulike kando ya njia. Rwanda, Burundi, Kongo na Ethiopia, na sehemu kubwa ya Ulaya, magari hupita kulia. Taa iliyotengenezwa kwa nchi hizo hunyanyua mwanga upande wa kulia, yaani usoni kwa kila ajaye mbele katika barabara ya Meru.

Kuhusu ukungu, ambao huko Timau huweza kuifuta barabara yote, kosa la wengi ni kuwasha fulu. Ukungu ni matone madogo ya maji; mwanga mkali ukiyapiga hurudi kwa mwenyewe kama ukuta mweupe. Taa ya ukungu yafaa ifungwe chini, isitazame juu, na mwanga wake uwe mpana na mfupi. Ukungu ukiisha, izimwe. Safu ya taa iliyofungwa juu ya kabati la lori haina faida katika ukungu, na pasipo ukungu ni adhabu kwa wengine.

Jambo ambalo wakulima yawapasa kulishika zaidi ya mengine yote ni mwelekeo wa taa. Hili halihitaji kununua kitu. Gari liwekwe mahali tambarare, magurudumu yakiwa na upepo wa kutosha, taa zikitazama ukuta kwa umbali wa meta 5. Upimwe urefu kutoka chini hadi katikati ya taa, na urefu huo utiwe alama ukutani kwa chaki. Dimu ikiwashwa, ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya alama hiyo kwa sentimeta 5 hivi. Ukiwa juu, skrubu iliyo nyuma ya taa izungushwe polepole mpaka ushuke.

Lakini kipimo hicho ni cha gari tupu au lenye mzigo? Hapo ndipo penye siri. Tuseme pikapu ina taa zilizo sentimeta 80 kutoka ardhini, na umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni meta 3. Ikiwa tupu, dimu yake iliyopimwa vyema huwa imeshuka hadi sentimeta 30 kutoka ardhini ifikapo meta 50 mbele, haimdhuru mtu. Sasa itiwe magunia ya viazi, nyuma ishuke sentimeta 6 kuliko mbele. Pua ya gari imeinuka, na ule mwanga, badala ya kuwa sentimeta 30, sasa uko sentimeta 130 kutoka ardhini katika meta zile zile 50. Huo ni urefu wa macho ya dereva wa gari dogo. Dereva wa pikapu hakubadilisha chochote, ameweka dimu kwa adabu, na bado wanaokutana naye wanamlaani wakidhani ni fulu. Basi gari la mizigo lipimwe likiwa na mzigo wake wa kawaida. Magari mengi yaliyotoka Japani yana kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye nambari kuanzia 0. Hicho ni cha kuteremsha taa gari linapobeba mzigo. Wapo waliolimiliki gari miaka 10 bila kukigusa.

Taa za nyuma nazo zisisahauliwe. Kwa kawaida taa ndogo ya nyuma ni ya wati 5, na ile ya breki ni ya wati 21. Tofauti hiyo ndiyo lugha yake. Ajaye nyuma akiona mwanga umezidi, hujua mwenzake anasimama. Akitia globu za nguvu moja kila mahali, lugha imepotea. Akizipaka rangi nyeusi, gari limekuwa bubu. Na mwenye kutia LED katika indiketa ataona zinapepesa haraka haraka, kwa kuwa kile kifaa cha kupepesa, kikikosa mzigo wa wati 21, hudhani globu imeungua.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Barabarani ya Kenya, Sura ya 403, ilianza kutumika mwaka 1954, wakati magari yalikuwa machache, na imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012, nayo ndiyo yenye kusimamia ukaguzi wa magari. Kwa ufupi, nyekundu ni rangi ya nyuma wala si ya mbele; dimu sharti iwepo na ifanye kazi; na taa za kumweka za buluu au nyekundu ziachiwe polisi, ambulensi na wazima moto. Lakini askari hayuko katika kila kona kati ya Meru na Chuka, wala katika mteremko wa Nithi saa 9 za usiku. Huko kilichobaki ni utu wa madereva wenyewe.

Kwa hiyo kila mwenye gari aliyekwisha kuzitengeneza taa zake, kabla hajatoka nazo barabarani, na afanye mtihani huu mdogo. Usiku, katika uwanja tambarare, alipakie gari mzigo wake, amwachie mwanawe au jirani kiti cha dereva na kumwambia aweke dimu. Kisha yeye aende mbele hatua 50, achuchumae mpaka macho yake yawe sawa na ya dereva wa gari dogo, ndipo ageuke na kulitazama gari lake mwenyewe. Akiweza kulitazama bila kukunja uso, kazi ya fundi imekwisha. Akijikuta ameinua mkono kuyakinga macho, na arudi akachukue bisibisi, kwani ameona kwa dakika moja yale wanayoyaona wengine kila usiku.